Kwa nini Waarabu waliliita jipu 'khuraji'?

  

Makala yetu ya leo inahusu neno moja la tiba ambalo limo katika vitabu vya hadithi, katika kamusi na katika vitabu vya matabibu wa Kiislamu. Neno lenyewe ni khuraji, nalo ndilo sisi Waswahili tunaloliita jipu. Huenda msomaji akastaajabu kwamba ukurasa wa dini umeshughulishwa na jipu. Lakini yapo maneno ambayo mtu asipoyaelewa sawasawa humgharimu afya yake, na hili ni mojawapo.

Kilichotusukuma kuandika ni swali tuliloletewa na kijana mmoja baada ya darasa la hadithi. Baba yake ni mtu mzima mwenye maradhi ya kisukari. Ameota jipu kubwa kisogoni, gumu, lenye midomo zaidi ya mmoja, na zahanati imemweleza kwamba sharti lipasuliwe. Mzee amekataa katakata. Hoja yake si woga wa kisu. Anasema amesikia msikitini hadithi ya mtu wa umma zilizotangulia aliyeota jipu, akalitoboa, damu isikatike hadi akafa, na Mwenyezi Mungu akamharamishia Pepo. Yeye hayuko tayari kuifuata njia ya mtu yule.

Kijana aliuliza mambo mawili: neno khuraji lililomo katika matini ya hadithi hiyo lina maana gani hasa, na je, baba yake amefahamu vyema? Tulimwambia kwanza amrudishe mzee hospitali siku hiyo hiyo, maelezo ya neno yangefuata baadaye. Maelezo yenyewe ndiyo haya.

Mzizi wa neno

Khuraji limetokana na herufi tatu, kha, ra na jim, ambazo maana yake ya asili ni kutoka. Mtoto yeyote aliyepita madrasa anaufahamu mzizi huu hata kama hakuwahi kufundishwa sarufi, kwa kuwa mwalimu wake alimkazania makhraji, yaani mahali herufi inapotokea kinywani au kooni. Kutokana na mzizi huo yamepatikana maneno kharaji, ile kodi iliyotozwa kutokana na mazao ya ardhi, na Khawariji, kundi lililotoka katika utiifu wa Sayyidna Ali (R.A.). Hata Kiswahili kimechukua fungu lake: mtu anayehariji ni yule anayetoa fedha mfukoni.

Basi khuraji ni kile kinachotoka mwilini. Katika mojawapo ya riwaya za Imamu Muslim, kitenzi na jina vimewekwa pamoja: mtu yule alitokwa na kitokacho. Riwaya nyingine ya Muslim imetumia neno qarha, yaani kidonda au jipu, na ile ya Bukhari imetumia jurhi, jeraha. Tofauti hizi ndogo zina umuhimu wake, na tutazirejea.

Waarabu hawakutosheka na neno moja. Walikuwa pia na dummali, ambalo hadi leo ndilo jina la jipu la kawaida katika nchi nyingi za Kiarabu. Asili ya neno hili ni ya kupendeza. Mzizi wake, dal, mim na lam, unahusu kutengeneza kilichoharibika. Waliutumia kwa kidonda kinapofunga na kupona, kwa watu wanaopatanishwa, na kwa shamba lililochoka linapotiwa samadi likarudisha nguvu zake. Itakuwaje basi uvimbe unaomnyima mtu usingizi ukaitwa kwa jina la kupona? Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 711 Hijria (1311), ametueleza katika Lisan al-Arab kwamba Waarabu waliliita hivyo kwa kutaraji kheri. Ni desturi yao ya zamani. Jangwa linaloua kwa kiu waliliita mafaza, mahali pa kufuzu na kuokoka, na mtu aliyegongwa na nyoka wakamwita salimu, aliyesalimika, ilhali sumu ingali inamtembea mwilini.

Ni adabu njema kumtamkia mgonjwa neno la matumaini. Hata hivyo jangwa halikuacha kuua kwa sababu ya kupewa jina zuri, wala jipu haliponi kwa kuitwa dummali.

Neno la tatu ni dubaila, na hili ndilo la kutisha. Mzizi wake ni kukusanya kitu na kukifanya donge, kama mtu anavyoliviringa tonge mkononi. Wanalugha wameeleza kwamba dubaila ni jipu linalofanyika ndani ya mwili, na aghalabu humuua mwenye nalo. Limetajwa katika Sahihi Muslim, katika riwaya ya Hudhaifa (R.A.) kuhusu wanafiki fulani wa zama za Mtume (S.A.W.). Tunawaomba wasomaji wasiitumie riwaya hiyo kumdhania vibaya Muislamu anayeugua jipu la ini au la tumbo. Riwaya inawahusu watu maalumu waliojulikana kwa sifa zao, na maradhi peke yake hayawi ushahidi wa unafiki wa mtu.

Tukiyapanga maneno haya matatu, tunaona jambo ambalo halikuwekwa na tabibu yeyote, lugha yenyewe ndiyo iliyolihifadhi. Uchafu unaopata njia umeitwa kutoka. Uchafu unaojikusanya ndani bila njia umeitwa donge, nao huua. Na kupona, ambako ndiko dummali, kunapatikana baada ya kutoka.

Wayunani, Warumi na matabibu wa Baghdad

Neno analoliandika daktari wa leo katika cheti cha mgonjwa, lile lililoingia katika lugha nyingi za Ulaya, linatokana na Kilatini abscessus, yaani kuondoka, kwenda mbali. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza Miladia, alilitumia katika kitabu chake cha tiba. Yeye huyo ndiye aliyeziorodhesha dalili nne ambazo wanafunzi wa udaktari wanazihifadhi mpaka leo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Warumi nao walikuwa wanafuata nyayo za Wayunani, ambao neno lao ni apostema, kusimama kando, kujitenga. Matabibu wa Kiyunani waliamini kwamba mwili una majimaji manne, na kwamba yanapoharibika hujitenga na sehemu nyingine, yakahamia mahali pamoja na kutua hapo.

Kwa hiyo mataifa haya yalikutana katika wazo la kuondoka, kila moja kwa njia yake. Myunani aliangalia ndani, akaona uchafu umehama kiungo hiki kwenda kile. Mwarabu aliangalia ngozi, akaona kitu kinachomtoka mtu. Hatudhani kwamba Waarabu waliazima neno lao. Lilikuwa katika ndimi zao kabla ya Hunain bin Ishaq, mfasiri mkubwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 260 Hijria (873), kuvigeuza vitabu vya Galen kuwa vya Kiarabu. Wafasiri walipohitaji neno, walilikuta liko tayari.

Kutoka hapo khuraji likawa istilahi ya kitabibu. Ibn Sina (aliyefariki mwaka 428 Hijria, 1037) katika al-Qanun hakuridhika kuita kila uvimbe jipu. Aliuita uvimbe wa jumla waram, akautofautisha na ule uliokusanya usaha. Tofauti hiyo ndiyo roho ya jambo zima. Waram haukatwi, kwa sababu hakuna cha kutoka. Ukikatwa hutoa damu na maumivu tu. Uliokusanya usaha ndio unaofunguliwa. Baina ya hali hizi mbili kuna muda ambao matabibu waliuita nudhji, yaani kuiva, na walikuwa na dawa za kubandika za kuharakisha kuiva huko.

Huko Andalusi, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 404 Hijria (1013), aliandika al-Tasrif, kitabu chenye sehemu thelathini, na ya mwisho ni ya upasuaji. Ndani yake alichora vyombo vyake kimoja kimoja. Kimojawapo ni kisu kidogo cha kupasulia majipu kinachofichwa katikati ya vidole, ili mgonjwa asikione na kufadhaika. Tunamwona katika chombo hicho tabibu aliyefahamu kwamba mgonjwa wa jipu anaumwa mara mbili, kwa jipu na kwa hofu ya kisu.

Jipu kwa Mswahili

Jipu ni neno letu wenyewe, halikuja na jahazi kutoka Uarabuni. Tazama jinsi Mswahili anavyolizungumzia. Jipu linaota. Linatunga usaha. Linaiva. Lina kichwa, na ndani lina kiini. Mtu asiyejua Kiswahili angedhani tunazungumzia mche shambani, na kwa sadfa nzuri jipu liko katika ngeli moja na embe, papai na chungwa. Mwarabu ameona safari, sisi tumeona tunda. Lakini katika kuiva tumekutana na Ibn Sina bila ya kusoma kitabu chake: tunda bichi halichumwi, na lililoiva likiachwa mtini huozea hapo hapo.

Kitenzi chetu cha tiba nacho ni dhahiri. Kutumbua ni kupasua kilichojaa ili kilichomo kitoke, na ndiyo maana hata samaki hutumbuliwa. Watanzania walilisikia neno hili likivuma upya mwishoni mwa mwaka 2015, pale Rais John Magufuli, ambaye alifariki mwaka 2021, alipolitumia kwa viongozi wabadhirifu. Kwa miaka kadhaa 'kutumbuliwa' likawa na maana ya kuachishwa kazi. Mfano ule ulieleweka na kila mtu siku ya kwanza kwa sababu kila mtu alikuwa ameshaugua jipu.

Wazee wetu walikuwa na majina mengine kwa uvimbe wa aina nyingine. Uliotokea kinenani waliuita mtoki, wa ukingo wa jicho chokea, na wa kidole mdudu wa kidole. Walikuwa pia na tambazi, uvimbe unaotambaa usiokaa mahali pamoja. Hilo la mwisho tunalitaja kwa makusudi. Madaktari nao wanatofautisha usaha uliokusanyika mahali pamoja na maambukizo yanayosambaa chini ya ngozi bila ya kukusanya kitu. Ya kwanza tiba yake ni kufunguliwa. Ya pili hayana cha kufunguliwa, yanahitaji dawa, tena kwa haraka. Wekundu unaopanuka saa hadi saa, ukiambatana na homa, haungojewi uive.

Usaha wenyewe ni nini? Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa Aberdeen, Scotland, aitwaye Alexander Ogston, aliutazama usaha wa majipu kwa hadubini akaona vijidudu vya mviringo vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Mwaka 1882 akavipa jina la Staphylococcus, kutokana na neno la Kiyunani la kichala cha zabibu. Waarabu wa leo wamelifasiri kwa neno lao la kichala hicho hicho, unqud. Kwa hiyo Mswahili na mwanasayansi wote wawili wameishia kwenye matunda, ingawa hatujengi hoja yoyote juu ya hilo.

Vijidudu hivyo huishi juu ya ngozi na puani mwa watu wengi bila ya madhara, mpaka vipate upenyo kwenye mchubuko au shina la nywele. Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili walinzi, nao ni chembe nyeupe za damu. Huvikimbilia vijidudu hivyo, huvimeza, na wengi wao hufa hapo hapo. Usaha ni mizoga ya walinzi hao pamoja na vijidudu na nyama iliyooza. Kisha mwili huuzungushia ukuta ili maambukizo yasienee. Ukuta huo una hekima kubwa, ila unaleta tatizo moja. Dawa inayopita katika damu haifiki vizuri katikati ya usaha, kwa kuwa humo hamna mishipa ya damu. Ndiyo sababu mtu humeza vidonge siku saba na jipu likabaki vile vile. Kwa jipu lililoiva, kulifungua ndiyo tiba yenyewe. Vidonge huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa kwa uamuzi wa daktari.

Turudi kwenye hadithi

Sasa tumjibu yule mzee. Hadithi aliyoisikia ni sahihi, imepokewa kutoka kwa Jundub bin Abdillah (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini tuitazame kwa ukamilifu wake. Katika riwaya ya Muslim, mtu yule maumivu yalipomzidi alichomoa mshale katika podo lake akalichoma jipu. Katika riwaya ya Bukhari imetajwa wazi kwamba alikosa subira, akachukua kisu akaukata mkono wake. Na kauli ya Mwenyezi Mungu iliyotajwa humo ni kwamba mja huyo aliiharakisha nafsi yake kwake. Kosa lake limetajwa, nalo ni kuyakatiza maisha yake. Hakuna riwaya hata moja inayosema kwamba kosa lilikuwa kutafuta tiba.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), aliliona tatizo hili karne saba na zaidi zilizopita. Katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ameeleza kwamba hadithi inachukuliwa kuwa mtu huyo alifanya vile kwa ajili ya kuyaharakisha mauti, au bila ya maslahi yoyote. Ama kama angefanya kwa njia ya tiba ambayo dhana yenye nguvu ni kwamba itamfaa, isingekuwa haramu. Kwa maneno mengine, mshale wa mtu aliyekata tamaa na kisu cha tabibu havina hukumu moja, hata kama vyote viwili vimetoboa ngozi ile ile.

Ibn al-Qayyim naye, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), ameweka katika Zad al-Maad mlango maalumu kuhusu uvimbe na majipu yanayopona kwa kupasuliwa. Ametaja humo riwaya kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.), kwamba aliingia pamoja na Mtume (S.A.W.) kumzuru mgonjwa aliyevimba mgongoni, wakaambiwa uvimbe una usaha, na Mtume akaamrisha upasuliwe, ukapasuliwa naye akishuhudia. Uaminifu wa elimu unatulazimu kuongeza kwamba katika isnadi ya riwaya hii yumo mpokezi dhaifu, kwa hiyo hatuifanyi kuwa nguzo ya hoja yetu. Nguzo tunazo nyingine. Hadithi ya Usama bin Sharik (R.A.) inayoamrisha kujitibu imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Na katika Sahihi Muslim imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) alimpelekea Ubayy bin Kaab (R.A.) tabibu, akamkata mshipa kisha akamchoma moto mahali hapo. Hicho ni chuma na moto kwa mkono wa tabibu, na kwa amri ya Mtume mwenyewe.

Yanayotupendeza zaidi katika mlango ule wa Ibn al-Qayyim ni maelezo yake ya kitabibu. Amesema kwamba mwili wenye nguvu huuivisha uchafu na kuutafutia njia ya kutokea, lakini mwili ukiwa dhaifu, uchafu hukaa na kukiharibu kiungo, hivyo huhitaji kusaidiwa kwa kupasuliwa. Akataja faida mbili: kuutoa uchafu uliopo, na kuzuia mwingine usije ukaongezeka juu yake. Mgonjwa wa kisukari ndiye huyo mwenye mwili uliodhoofika katika jambo hili, kwani sukari ikiwa juu chembe zile za ulinzi hazifanyi kazi yake ipasavyo. Majipu ya kisogoni yenye midomo mingi huwapata sana watu wa aina yake. Kwa mzee huyu, kungoja jipu lipasuke lenyewe kunaihatarisha nafsi ambayo hadithi ile ile imekuja kuihifadhi. Hadithi aliyodhani inamkataza kwenda hospitali, kwa hakika inamsukuma huko.

Tunaongeza neno kwa wenye nyumba. Jipu dogo linaweza kukandwa kwa kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya vuguvugu, mara kadhaa kwa siku, na aghalabu huiva na kutoka lenyewe. Lisiminywe kwa vidole wala lisitobolewe kwa wembe au mwiba, maana kuminya huusukuma usaha ndani badala ya nje. La pembeni mwa pua au juu ya mdomo lisiguswe kabisa, kwa sababu mishipa ya damu ya sehemu hiyo inawasiliana na ile iliyo karibu na ubongo. Mtoto mchanga, mjamzito, mwenye kisukari, mwenye homa, mwenye jipu linalozidi kukua, lililo karibu na njia ya haja kubwa au linalojirudia kila mara, hao wapelekwe kwa daktari, na anayejirudia apimwe sukari. Unga wa kidonge unaomwagwa juu ya jipu hauna faida. Na mama anayenyonyesha akivimba titi asiambiwe kwamba ni jicho la watu na kuachwa wiki nzima. Atibiwe, na maziwa yaendelee kutolewa.

Wapo dada zetu wanaoficha jipu kwa sababu liko mahali pa stara. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba tiba inayohitajiwa huruhusu kufunuliwa kiasi kinachohitajika na si zaidi. Atangulizwe tabibu wa kike akipatikana. Asipopatikana, wa kiume, pamoja na mahramu au mwanamke mwingine mwaminifu. Tunawanasihi waume wasiwazuie wake zao katika hili. Mara nyingi wivu wao ndio unaoligeuza khuraji kuwa dubaila.

Limebaki suala la ibada, ambalo wengi huliuliza. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, usaha ni najisi kama damu, lakini unaotoka kwenye jipu la mtu mwenyewe umesamehewa katika nguo na mwili wake hata ukiwa mwingi, maadamu hakuuminya. Akiuminya, husamehewa kidogo chake. Kutoka kwake hakuvunji udhu, tofauti na Mahanafi ambao kwao usaha unaochuruzika unavunja. Kupasuliwa jipu la ngozi mchana wa Ramadhani hakufunguzi. Aliyefungwa bendeji juu ya kiungo cha udhu ataosha sehemu nzima, atapangusa juu ya bendeji kwa maji na atatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Kuhusu lini anapaswa kurudia sala baada ya kupona kuna ufafanuzi mrefu, na ni vyema amuulize mwalimu aliye karibu naye kulingana na jeraha lilipo. Na aliyepasuliwa Alhamisi, akazuiwa na daktari asilowe maji, anaweza kutayamamu badala ya josho la Ijumaa, akavaa nguo safi na kwenda msikitini mapema pamoja na wenzake.